Zabibu za keki, na Bosi nusura aniage

Keki ya Krismasi naipika mwenyewe kila mwaka, na zabibu huziloweka tangu siku moja kabla. Mwaka mmoja niliweka robo kilo kwenye bakuli, nikaliacha juu ya kiti jikoni nikaenda kuanua nguo. Kurudi, bakuli liko sakafuni, limelambwa likang'aa, na mbwa wangu Bosi amejilaza kando yake akipigapiga mkia.

Mwanzo nilicheka. Nilijua chokoleti ni sumu kwa mbwa, lakini zabibu? Mtoto wa dada yangu ndiye aliyesema, "Shangazi, hebu mpigie daktari kwanza." Daktari wa wanyama akaniuliza mambo manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Hilo la nne sikuwa na jibu. "Ni mkubwa mkubwa hivi," nikasema. Akaniambia nimlete sasa hivi, nisingoje dalili. Zabibu huharibu figo, mbichi hata kavu, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mbwa aweza kuonekana mzima leo, kesho au keshokutwa mkojo ukakatika.

Jirani keshafika na glasi ya maziwa. Mwingine anasema maji ya chumvi. Daktari alikuwa bado kwenye simu, akakataza vyote viwili. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, na chumvi nyingi yenyewe yaweza kumuua mbwa.

Sisi tuko Likoni, Mombasa, kliniki iko ng'ambo ya feri, na saa ni mbili usiku. Dereva wa tuktuk wa kwanza alipomwona Bosi akasema, "Samahani dada, huyo siwezi." Sikumlaumu. Mate ya mbwa kwake ni najisi, na nguo hizo hizo ndizo za kuswalia Isha. Wa tatu ndiye aliyekubali. Ferini tulishuka kwa miguu kama abiria wengine, nami nimemkumbatia mbwa ndani ya leso, mikono inatetemeka kwa uzito. Mzee mmoja alikunja kanzu yake akasogea pembeni hatua tatu, kisha akawageukia waliokuwa mbele: "Mpisheni huyu mama, ana mgonjwa."

Kliniki alichomwa sindano ya kutapisha. Zabibu zikatoka nzima nzima, zimefura kama kunazi. Akapewa dawa ya mkaa, akalazwa siku mbili kwa dripu, damu ikipimwa kuangalia figo. Alipona. Gharama sitaitaja, mume wangu anasoma.

Kilichonishangaza ni yale niliyoambiwa tukingoja majibu. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani waliielekezea kidole asidi ya tatariki iliyomo kwenye zabibu, na asidi hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju. Ukwaju! Nyumbani kwangu haukosekani, na mara ngapi nimemkorogea Bosi sima kwa mchuzi wa ukwaju uliobaki? Vitunguu navyo, maji na saumu, huharibu chembe nyekundu za damu, na kuvipika hakuiondoi sumu. Kwa hiyo mabaki ya biriani na pilau, ambayo mbwa wengi mtaani ndiyo chakula chao, sasa hayaingii sahani ya Bosi. Anakula sima na dagaa waliochemshwa bila kiungo. Bazoka na peremende zisizo na sukari nazo nimezipandisha juu ya kabati, maana nyingine zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya mbwa ghafla hadi akaanguka.

Uzito nimeupata kwenye mizani ya duka la nafaka, baina ya gunia la maharage na la mchele, watoto wa mtaa wakishangilia: kilo 18. Nimeuandika kwa kalamu kwenye karatasi mlangoni mwa friji, pamoja na namba mbili za madaktari na ya yule dereva wa tuktuk aliyekubali. Simu yangu huzima chaji wakati ninapoihitaji. Kwenye mkoba nyuma ya mlango kuna kamba, leso kuukuu, tochi, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kitambaa cha kumfunga mdomo, kwani mbwa mpole akiumwa huuma. Ila anayetapika hafungwi. Pesa kidogo nimezitenga M-Pesa, na mara mbili nimezikopa nikazirudisha.

Jirani wa maziwa bado anashikilia kwamba mbwa wa Likoni wamekula biriani tangu enzi za mababu. Hata hivyo Idi iliyopita alileta mabakuli mawili. "Hili lenu. Na hili la Bosi, wali mtupu, hauna kitunguu hata kimoja." Juu ya wali alikuwa amepanga mifupa ya kuku ya kukaanga. Nilimshukuru, nikaichambua yote upande wa jikoni, Bosi akinitazama mlangoni.