Usiku mfupi, baridi ndefu

Jamani jana tumelala kilimani mimi na washkaji watatu, si ndo ule usiku wa Juni 21, kwa sie tulio kaskazini mwa ikweta ndo mfupi kuliko wote wa mwaka, tukasema hatulali tunasubiri jua litoke. Tumeanza kupanda saa kumi na moja jioni na mibegi mgongoni, la kwangu zito balaa maana nilijaza vitu ambavyo sijavigusa hata kimoja (nani anabeba jinzi mbili kwa usiku mmoja??)

Sasa nikajifanya mjuaji, nikaona kibonde kimejificha na upepo nikasema hema tuweke hapa. Kosa. Usiku hewa ya baridi inakuwa nzito, inateremka toka juu inatuama bondeni, kwa hiyo upepo kweli tuliukwepa ila kufika saa nane meno yanagongana, hema limelowa umande ndani nje, mwenzetu mmoja kavaa soksi mikononi. Ikabidi tulihamishe gizani na tochi moja tu, tukapanda mita chache juu na kweli afadhali ilikuwepo, vicheko navyo mpaka mbavu zinauma.

Jua sasa. Saa kumi alfajiri mbingu ishaanza kupauka, sisi tumekaa tunakodolea mashariki kumbe kipindi hiki linachomoza kaskazini mashariki, tunageuka limeshatoka nusu 😂

Kushuka sisemi, magoti hayataki stori. Picha nitaweka nikiamka.