Amoksilini kwa kichomi cha mtoto: hesabu pumzi kwanza

Mtoto akikohoa, wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki ya azithromaisini. Mafua na kikohozi cha kawaida husababishwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Kwa hiyo kabla ya dawa, mtulize mtoto, mpandishe nguo kifua kionekane, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utakosea, maana watoto hupumua bila mpangilio. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi.

Kikohozi chenye pumzi za haraka ni dalili ya kichomi (nimonia), na hapo antibiotiki ya amoksilini ndiyo chaguo la kwanza. Vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250 hutolewa asubuhi na jioni kwa siku 5: kila mara kimoja kwa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10, viwili chini ya kilo 14, vitatu hadi kilo 19. Mpime uzito, usikisie. Yeyusha kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama. Kikombe kikijaa, mtoto hukimwaga na nusu ya dozi hupotea. Muulize mama kuhusu mzio wa penisilini, maana amoksilini ni ya kundi hilo.

Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asipewe dawa ya kwenda nayo nyumbani. Huyo ni wa kulazwa: ampisilini na jentamaisini za sindano, pamoja na oksijeni ikipungua mwilini. Seftriaksoni ibaki akiba kwa wasiopata nafuu.