Nimenunua picha ya kuku

Jana nimetoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, na mfuko wa krokete (chakula kikavu) za mbwa wangu Simba. Mbele wamechora kuku mnono, utadhani wa Noeli. Kufika nyumbani, binti yangu akageuza mfuko: "Papa, kuku ni asilimia 4 tu!"

Nikavaa miwani. Kweli. Vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi ndicho huanza. Hapa nafaka ndizo zimeanza, kisha "nyama na mabaki ya wanyama", mnyama gani hawasemi. Halafu rangi. Rangi ya nini? Simba anakula hata soksi!

Kumbe kwa kanuni za watengenezaji wa Ulaya, ulikotoka mfuko, asilimia 4 inatosha kuandika "na kuku". Basi sikuibiwa, ni macho yangu.

Nikiwa na pesa tena nitatafuta ulioanza na nyama yenye jina: kuku, ng'ombe, samaki. Hapo pia kuna ujanja: nyama mbichi karibu asilimia 70 ni maji, ikikaushwa inabaki kidogo. Na mahindi wanaweza kuyagawa kwa majina kwenye orodha: mahindi, unga wa mahindi, gluteni ya mahindi, ili kila kimoja kionekane kidogo.

Huu sitautupa, franka zangu zimo humo. Nimemchanganyia sambaza (samaki wadogo) za kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, mama watoto alikuwa ameshakikata). Bwana Simba akaokota sambaza moja moja, krokete zote akaziacha kwenye sahani.