Siku moja maishani mwangu: kuchagua rangi ya tufaha mche ukiwa na majani manne

Saa 1 asubuhi. Kitaluni, jua halijapanda. Tunda la kwanza la miche hii lingesubiriwa miaka mitano au zaidi, ndiyo maana rangi ya ganda tunaitafuta kwenye DNA. Tunachukua jani changa la kileleni, tunatoboa vipande viwili vya milimita 5 hivi na kuvitia kwenye trei ya vishimo 96. Jani lililokomaa achana nalo, limejaa fenoli, kemikali za mmea zinazovuruga kipimo. Chungu kinabandikwa namba kwanza, ndipo jani likatwe. Trei ikigeuzwa, A1 (kishimo cha kwanza) ikakaa mahali pa H12 (cha mwisho), majibu yote ni ya miche mingine, na hakuna mashine itakayokushtua.

Miche ya ukoo wa tufaha zenye nyama nyekundu ndani mara nyingi hujitangaza yenyewe kwa macho: mbele ya jeni yake ya wekundu, MYB10, kuna kipande cha herufi 23 kilichojipanga mara sita, na wekundu hufika hadi majanini.

Saa 3. Kutoa DNA. Vipande vinasagwa vikiwa vimegandishwa, vinamiminiwa CTAB (sabuni ya kupasua seli) ya asilimia 2 yenye PVP, unga wa kunasa fenoli, kisha vinakaa kwenye nyuzi 65 kwa dakika 45 hivi. Inafuata klorofomu, ndani ya chemba ya kuvuta hewa tu. Baada ya sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, fyonza tabaka la juu, lenye DNA. Ukiwa na pupa, pipeti ikagusa utando wa katikati, umezoa protini. Isopropanoli baridi, aina ya alkoholi, huishusha DNA chini. Kitonge cheupe ni salama. Cha kahawia kina fenoli zilizooksidika, na PCR, hatua ya kunakilisha kipande cha DNA tunachokitafuta, itagoma. Kukizimua kwa maji mara kumi huokoa baadhi. Vinginevyo kata jani jingine.

Saa 6 mchana. PCR, tukilenga MYB10 kwenye kromosomu ya 9, jeni inayoamuru anthosianini, rangi nyekundu ya mmea, itengenezwe gandani. Vishimo 92 ni vya miche. Vinne ni vya kulinganishia: Gala (mama), Golden Delicious (baba), mti wenye nakala mbili za wekundu (yaani toleo jekundu la MYB10 kutoka kwa wazazi wote wawili), na maji matupu.

Saa 8. Kusoma majibu. Maji yakitoa ishara, DNA imechafua mahali, trei nzima inarudiwa, hakuna mjadala. Gala ina nakala moja tu ya wekundu, kwa kuwa mzazi wake mmoja ni hiyo hiyo Golden Delicious isiyo nayo. Kwa hiyo tunatarajia nusu ya miche, 46 hivi, ibebe nakala hiyo. 41 au 50 havitutii wasiwasi. Kinachotutia wasiwasi ni mche mmoja tu wenye nakala mbili: kwa wazazi hawa hauwezekani. Ama namba zimechanganyika, ama chavua ngeni iliwahi ua kabla halijafunikwa mfuko.

Saa 10. Kung'oa wasio na nakala. Hapa wengi huiamini alama hii ya DNA kupita kiasi. Inasema mti unaweza kuwa mwekundu, haisemi kwa kiasi gani. Kivuli na usiku wa joto hufifisha hata wenye nakala mbili. Wala haitofautishi Gala ya michirizi na iliyokolea, maana tofauti kama hizo mara nyingi zimo kwenye methili, vikundi vidogo vya kemikali vilivyoshikamana na DNA, si kwenye herufi zake. Basi tunaitumia kuondoa, kamwe si kupanga nani bora. Waliobaki wanapata lebo ya pili, ya chuma, na vikonyo vyao vitabebeshwa kwenye M9, aina ya shina la kubebeshea, ili wazae mapema.