Dakika 40

Ardhi ikitikisika kidogo tu hapa Goma, mama mdogo hunipigia simu kutoka Bukavu: "Watu wa volkano wamesema nini?" Mara nyingi sina jibu, maana hata mimi naisubiri taarifa ya OVG, kituo chetu kinachofuatilia volkano za Nyiragongo na Nyamulagira.

Tangu 2021 swali hilo linanikera. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, Nyiragongo ilipolipuka, tuliona anga jekundu kabla ya kusikia onyo lolote. Tuliwatukana sana wale wataalamu. Kweli kituo kilikuwa kimedhoofika: ufadhili wa Benki ya Dunia ulikuwa umekatika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa data hazikufika kwa kukosa intaneti.

Ila mwaka uliofuata watafiti walichapisha uchambuzi wao. Siku yenyewe vipimo vilikuwa vinafanya kazi, na dalili ya kwanza ya wazi ilionekana kama dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Dakika 40! Utawahamisha watu wa mji mzima? Kwa kawaida magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupasua mwamba mgumu ikipanda, na vishindo vyake husikika siku nyingi kabla. Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava ndani ya kreta, shimo la kileleni, kwa karibu miaka 20. Magma ilikuwa imeshapanda. Ubavu wa mlima ulipopasuka, lava ilimwagika tu, nyepesi kama uji, ikateremka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Kilichofuata ndicho ninachokiwaza zaidi. Matetemeko hayakukoma, na picha za setilaiti zikaonyesha magma imejipenyeza chini ya mji wenyewe, mpaka chini ya Ziwa Kivu, lenye kaboni dayoksaidi na methani nyingi zilizoyeyuka majini, gesi ambazo zingeweza kuua kama zingefumuka ghafla. Tarehe 27 tukaamriwa kuondoka. Wengine Sake, wengine Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja. Jirani yangu bado anasema tulihangaishwa bure. Sikubaliani naye: magma ilikuwepo chini ya vitanda vyetu, na hakuna kipimo kingeweza kuapa kwamba itabaki hukohuko.

Utabiri wa siku na saa siwadai tena wale wataalamu. Nadai sismometa, vile vipimo vya matetemeko, zenye umeme, paneli za sola zisizoibwa kule vituoni, na mshahara wa anayekesha akitazama mistari kwenye skrini.