Nilivyozoea kupunga upepo Jinja

Kutembea bila safari kunahitaji maelezo huku kwetu Uganda. Ukipita polepole mikono mitupu, bodaboda watasimama mmoja baada ya mwingine: "Ssebo, tugende?" yaani, bwana, twende? Majirani nao wanataka kujua kuna nini uendako. Nikijibu "natembea tu", wanaelewa naenda kumtembelea mtu, na swali linalofuata ni nani. Tena kutembea na mtu kuna maana yake nyingine, nami sikutaka mke wangu apelekewe habari hiyo.

Neno kuzurura ndilo sikutaka kabisa litajwe. Vijana wengi wamelala mahabusu kwa kuonekana barabarani tu wakashindwa kujieleza. Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vipengele vya kifungu cha 168 cha sheria ya adhabu vilivyoruhusu hayo, nami nasema walichelewa sana. Hofu ya kuitwa mzururaji bado imo mwilini mwa watu.

Aliyenifungulia njia ni jirani yangu wa mtaa wa Walukuba, mzee wa Kinubi aliyestaafu jeshini. "Mwanangu, waambie unapunga upepo. Nani atakuuliza upepo ni wa nani?" Ni kweli. Kupunga ni kupeperusha kitu huku na huku: unapunga mkono ukiaga, na kule pwani waganga hupunga pepo ili wamtoke mgonjwa. Anayepunga upepo ana shughuli inayoeleweka, ya kuuburudisha mwili, hata kama hana aendako.

Basi hutoka saa kumi na moja jioni, maana jua letu huzama karibu saa moja mwaka mzima. Nasalimia kwanza, kabla sijaulizwa. Nafuata Main Street nikisoma miaka iliyoandikwa kwenye nyuso za majengo ya kale ya wafanyabiashara Wahindi, kisha nateremka mpaka ukingoni mwa Nile. Maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, lakini nikikaa kitambo nauona mto unavyojikunja na kwenda kasi. Hapo sipokei simu ya mtu.

Bodaboda wa kona yetu sasa hunipungia mkono tu. Mvua ikinikuta mjini, nafuata baraza za maduka mpaka itulie.