Naitreti ya visimani na chemba ya kiwanda cha mvinyo

Katika kiwanda kidogo cha mvinyo wa matunda wilayani Kilolo, mkoani Iringa, nilikoombwa ushauri kuhusu maji taka, kila mtu alinielekeza kwenye mfereji wa maji ya kuoshea matangi. Mfereji huo unanuka, maji yake huwa mekundu msimu wa rozela, na majirani wanaolima vinyungu bondeni na kuchota maji katika visima vifupi wanauogopa. Hofu yao ina msingi. Lakini kwa upande wa naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini, ambayo ikizidi hudhuru watoto wachanga na ndiyo niliyoitiwa, mtuhumiwa wa kwanza yuko nyuma ya jengo, chini ya mfuniko wa zege, wala hanuki: ni chemba, yaani tangi la ardhini linalopokea maji ya choo cha wafanyakazi na wageni.

Maji ya kuoshea vifaa vya mvinyo yana sukari, alkoholi na asidi nyingi, ila naitrojeni yake kwa kawaida ni kidogo. Naitrojeni ya mvinyo hukaa zaidi katika mashapo ya hamira yanayobaki chini ya tangi, na sehemu yake hutokana na kirutubisho cha hamira, ambacho mara nyingi ni DAP, kemikali ileile anayoijua mkulima wa mahindi, iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Mashapo hayo yakizolewa na kupelekwa kwenye mboji badala ya kusukumwa mferejini, mzigo mkubwa umeshapungua.

Chooni hesabu ni nyingine. Mtu mzima hutoa takriban gramu 10 za naitrojeni kwa siku, nyingi ikiwa kwenye mkojo. Ndani ya chemba, ambamo hakuna hewa, naitrojeni hiyo hugeuka amonia. Ikitoka kwenda shimo la kufyonza, linaloachia maji yapenye ardhini, na kukuta udongo wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Ndiyo maana shimo la kufyonza linalofanya kazi vizuri, lisilofurika wala kunuka, ndilo linalozalisha naitreti kwa ukamilifu zaidi, jambo ambalo wenye viwanda hulipokea kwa shida. Naitreti ina chaji hasi, sawa na udongo mwingi wa mfinyanzi, kwa hiyo haishikwi bali hushuka na maji ya mvua. (Udongo wetu mwekundu, wenye oksidi nyingi za chuma, unaweza kuizuia kidogo katika tabaka za chini, lakini huko ni kuichelewesha tu.)

Gramu 10 za naitrojeni zikigeuka zote hutoa gramu 44 hivi za naitreti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, maana yake naitrojeni ya mtu mmoja kwa siku moja inatosha kuyafikisha hapo maji safi ya karibu lita 900. Tuchukulie kwamba mvua inayopenya hadi kwenye maji ya ardhini ni milimita 100 kwa mwaka: hekta moja itapata mita za ujazo 1,000, kiasi kinachoweza kuzimua naitrojeni ya watu watatu tu wanaoishi hapo mwaka mzima, tena kama hakuna mbolea iliyowekwa. Mfanyakazi wa kutwa haachi yote kazini, hivyo daftari la mahudhurio ndicho kifaa cha kwanza cha upimaji, likifuatwa na idadi ya wageni wanaokuja kuonja na kununua.

Lakini kiwanda kisihukumiwe peke yake. Mashamba ya jirani hupata mbolea ya UREA au CAN kila msimu, na huko nako hutoka naitreti. Hapa kloridi husaidia sana, kwa kuwa mkojo hubeba chumvi, yenye kloridi ndani yake, ilhali mbolea hizo mbili hazina kloridi. Naitreti na kloridi zikipanda pamoja, na vimelea vya kinyesi vikaonekana, kidole kinaelekea chooni, ingawa lazima uhakikishe kwanza kwamba upande wa juu wa kisima hakuna zizi la ng'ombe.

Mwelekeo wa maji ya ardhini nao hupimwa, haukisiwi kwa macho. Vinahitajika angalau visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, na kina cha maji ya kila kimoja kilinganishwe na usawa uleule. Hata hivyo, katika miamba yenye nyufa maji yanaweza kufuata ufa badala ya mteremko. Sampuli zichukuliwe upande wa juu na wa chini wa chemba, mwisho wa kiangazi na tena mvua zikishapenya, kwa sababu kisima kilichopimwa Oktoba pekee hakijasema lolote kuhusu Machi. Zihifadhiwe kwenye baridi na zifike maabara ndani ya saa 48.

Majibu yakirudi, soma kipimo kabla ya namba. Maabara nyingine huandika naitreti yenyewe, nyingine naitrojeni iliyo ndani yake, na tofauti ni mara 4.43: namba 12 ya aina ya pili ni miligramu 53 za naitreti, tayari juu ya mwongozo. Naitreti ndogo pia isikufurahishe haraka. Maji ya mvinyo yakimaliza oksijeni ardhini, bakteria wengine huvunja naitreti, lakini hali hiyohiyo huyeyusha chuma na manganizi, na kisima hutoa maji ya kutu.

Ushauri wangu kwa kiwanda ni kutenganisha mabomba ya maji ya choo na ya kuoshea matangi, na kuacha kutumia shimo refu linalokaribia maji ya ardhini. Maji ya chemba yasambazwe kwenye mifereji mifupi ya kokoto, karibu na mizizi ya migomba. Kutiririsha maji taka kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa mjini, si mbali.

Wakati majibu yanasubiriwa, mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 asitumie maji ya visima vya upande wa chini kumkorogea maziwa. Tangu mwaka 1945, daktari Hunter Comly alipoeleza huko Iowa, Marekani, jinsi maji ya visima yalivyowafanya watoto wachanga kuwa rangi ya buluu kwa damu kushindwa kubeba oksijeni, hatari hiyo inajulikana. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, naitreti hubaki yote sufuriani.